Ganzi ya Vidole Isipuuzwe



Mkono unaoshika jembe na kumenya muhogo ndio riziki yetu. Basi mtu akiamshwa usiku na ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, ilhali kidole cha mwisho ki salama, asidhani amerogwa. Huenda mshipa wa fahamu umebanwa penye kifundo cha mkono. Mjamzito na mwenye kisukari wamo hatarini zaidi.

Tabibu humwagiza akunje vifundo kwa dakika 1, aone kama ganzi itatokea. Tiba huanza kwa kufungwa banzi usiku. Isipofaa, sindano au upasuaji mdogo. Tusingoje hadi msuli wa gumba unyauke, kwani nguvu iliyopotea huenda isirudi.