Umbo Linaloshtaki: Wilfred Owen na Vijana Waliokufa Vitani



Mada yangu inamhusu Wilfred Owen, mshairi Mwingereza aliyeuawa tarehe 4 Novemba 1918, kikosi chake kilipokuwa kikijaribu kuvuka mfereji wa Sambre–Oise kaskazini mwa Ufaransa. Alikuwa na miaka 25. Telegramu ya msiba ilimfikia mama yake mjini Shrewsbury tarehe 11, siku ileile mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza yaliposimama. Huruma ya mashairi yake imesifiwa sana, na inastahili. Lakini nashikilia kwamba makali yake yamo katika umbo: Owen alichukua vyombo ambavyo jamii yake ilivitumia kuwatukuzia wafu, akavijaza vifo visivyoweza kutukuzwa.

Tazameni shairi la "Anthem for Doomed Youth". Aliliandika mwaka 1917 katika hospitali ya kijeshi ya Craiglockhart, Edinburgh, alikopelekwa kutibiwa mshtuko wa vita. Huko alikutana na Siegfried Sassoon, askari na mshairi mwenzake, aliyemsaidia kulinyoosha shairi hilo, hata anwani yake. Ni soneti, yaani mistari 14, bahari iliyozoeleka kwa mapenzi na sifa. Vita vilipoanza, mshairi Rupert Brooke aliitumia bahari hiyohiyo kumtukuza kijana anayeifia nchi yake. Brooke alikufa kwa maradhi Aprili 1915 akiwa njiani kwenda Gallipoli. Owen aliishi hadi akaingia kwenye mahandaki, na soneti ilipomfikia mkononi haikuweza tena kusema yale.

Ndani yake amepanga mazishi kamili ya kanisani: kengele, sala, kwaya, mishumaa, maua. Kila kimoja anakitaja ili akiondoe. Pa kengele pana mizinga, pa sala pana bunduki, na kwaya ni makombora yanayolia angani. Hapa tashihisi inabeba mzigo mzito kuliko wanafunzi wengi wanavyofundishwa. Silaha zina hasira na sauti, karibu zina wazimu. Vijana wenyewe hawasemi neno, na tashbihi inawashusha wakawa mifugo ya machinjioni. Utu umehama kutoka kwa binadamu ukaingia kwenye chuma. Sioni shtaka kubwa kuliko hilo, na limetolewa bila kumtaja jenerali hata mmoja.

Nawaomba pia mlisome kwa sauti. Konsonanti kavu zimerundikwa pamoja hadi ulimi wenyewe unafyatua risasi. Kisha, baada ya mstari wa nane, linakuja swali la pili la balagha na sauti inalegea. Tumetoka vitani tumefika nyumbani, kwa waliofiwa. Wapo wahakiki wanaolalamika kwamba hapo Owen amerudisha faraja aliyokwisha kuikataa. Sikubaliani nao. Maombolezo yamebaki machoni mwa wavulana na nyusoni mwa wasichana, na hakuna anayewaambia kuwa kifo kile kilikuwa kitukufu.

Katika "Strange Meeting" mbinu ni ya vina. Konsonanti zinabaki, irabu inabadilika, kama msikilizaji wetu angetarajia "zika" akapewa "zuka". Sikio lililolelewa kwa vina vya kati na vya mwisho linashtuka mara moja. Na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu shairi linamkutanisha askari na adui aliyeuawa naye: wanafanana, wanakaribiana, ila hawawezi tena kupatana.

Kwetu, Shaaban Robert aliviandikia vita vya 1939 hadi 1945 utenzi mrefu wa masimulizi. Vita vya Owen navyo vilifika hapa, vikaua wapagazi kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi. Majina ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, yametokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Atakayewatungia asiishie kusimulia. Utenzi una ada zake: hufunguliwa kwa dua, na mwishoni mtunzi hujitaja, akaandika tarehe na hesabu ya beti. Kwa zoezi la mchana napendekeza kila kundi litunge beti tano za mwisho za utenzi wa wapagazi, zikizifuata ada zote za mwisho, isipokuwa pale panapostahili jina la mpagazi. Mizani ya hapo iachwe wazi, kisha tujadili sikio linafanya nini linapofika penye pengo.