Chakula cha Dalia na Ngozi ya Mtoto

Kama uko jikoni endelea na kazi yako, lakini tega sikio, maana leo tunaanzia huko huko jikoni.

Leo nitazungumza nawe kuhusu mambo mawili tunayoyaona kwa majirani zetu wenye asili ya Kihindi. La kwanza ni chakula kiitwacho dalia, yaani ngano iliyovunjwavunjwa. La pili ni dawa za ngozi zinazotengenezwa kwa vitu vya jikoni kama vile manjano, unga wa dengu, maziwa na limau. Mambo haya mawili yalikutana kwa mtoto mmoja niliyemhudumia kliniki, na ndiyo maana nimeyaweka pamoja.

Majirani hawa tumeishi nao miaka mingi. Wafanyakazi zaidi ya elfu thelathini waliletwa kutoka India kujenga reli iliyoanzia Mombasa mwaka wa 1896, na kabla ya hapo wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wamekwisha kufika pwani. Mwaka wa 2017 serikali yetu iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Chapati, bajia na achari tumezipata kwao, na leo tunaziita vyakula vyetu. Lakini dalia wengi wetu tunaipita dukani bila kuijua.

Mtoto aliyekosa nyama mwilini

Siku moja mama kijana alileta binti yake wa miezi kumi kliniki. Alikuja kwa sababu ya ngozi. Mashavu na mikono ya mtoto ilikuwa imekauka, ina mipasuko na wekundu, na mtoto alikuwa akilia kila anapoguswa na maji. Nilimwuliza mama anampaka nini. Akaniambia kwamba kila jioni humsugua kwa mchanganyiko wa unga wa dengu, manjano, maziwa na maji ya limau. Watu wa nyumbani walikuwa wakimwambia kwamba mtoto ni mweusi mno, na mchanganyiko ule ungemfanya awe mweupe.

Kisha nilimpima uzito. Mstari kwenye kijitabu chake cha kliniki ulikuwa haujapanda kwa miezi mitatu. Nikamwuliza mtoto anakula nini. Akajibu kwamba ananyonya, na mchana anapewa uji mwepesi wa mahindi, basi.

Fikiria jambo hilo, mama. Unga wa dengu wenye protini ulikuwa ukipakwa mwilini na kuoshwa kwa maji. Maziwa yalimwagwa kwenye karai. Limau lenye vitamini C lilimchoma ngozi. Na tumboni uliingia uji mtupu. Yule mama alimpenda mtoto wake sana, na alitumia pesa na muda wake kila siku. Ila vitu vyema aliviweka mahali pasipofaa.

Mtoto alipimwa damu, akaonekana ana upungufu wa damu, na daktari akampa dawa ya madini ya chuma. Mimi nikazungumza na mama kuhusu chakula. Hapo ndipo nilipokumbuka dalia niliyofundishwa na jirani yangu, mama mzee wa Kigujarati ambaye mtaa mzima tulimwita Masi, yaani mama mdogo.

Dalia ni nini?

Dalia ni ngano nzima iliyovunjwa vipande vidogo. Haikukobolewa, kwa hiyo ina pumba na kiini chake. Hii ndiyo tofauti yake na unga mweupe wa ngano, ambao umeondolewa sehemu hizo. Katika gramu 100 za dalia kavu kuna gramu 12 hivi za protini na zaidi ya gramu 10 za nyuzinyuzi. Nyuzinyuzi husaidia choo kiwe laini, na hufanya mtu akae na shibe kwa muda mrefu. Kwa mgonjwa wa kisukari, nafaka nzima huingiza sukari mwilini polepole kuliko unga mweupe, lakini ni lazima apime kiasi anachokula.

Wagujarati huiita fada, na huipika pamoja na samli, sukari nguru na iliki kuwa chakula kitamu cha sherehe kiitwacho lapsi. Katika nyumba nyingi za India dalia hupikwa kwa maziwa asubuhi, au hupewa mgonjwa anayeanza kupata nafuu. Serikali ya India ilipoanzisha mpango wa kuwasaidia watoto wadogo mwaka wa 1975, ilifungua vituo vijijini viitwavyo anganwadi, na katika majimbo mengi dalia imekuwa miongoni mwa vyakula wanavyopewa watoto na mama wajawazito huko. Watu wa pwani yetu nao wanaijua ngano ya kupondwa pamoja na nyama. Ndiyo bokoboko.

Utaipata dalia katika maduka ya nafaka na viungo ya Wahindi, na katika maduka makubwa ya mijini. Nunua kidogo kidogo, kwa sababu kiini cha ngano kina mafuta na huharibika kikikaa sana. Iweke katika mkebe mkavu wenye kifuniko. Ikinuka au ikiwa na ukungu, itupe.

Jinsi ya kupika

Masi alinifundisha kuipika pamoja na ndengu. Wahindi huita chakula hiki khichdi. Watu wa pwani watakitambua upesi, maana ni ndugu wa mseto wetu wa mchele na pojo. Ngano na ndengu zikiwa pamoja, protini ya moja hujazia upungufu wa nyingine, na hivyo mtoto hupata chakula cha kujenga mwili hata siku ambayo hakuna nyama.

Kwa watu wanne au watano tayarisha vitu hivi: dalia kikombe 1, ndengu zilizokobolewa na kupasuliwa nusu kikombe, kitunguu 1, nyanya 2, karoti 1, kiganja cha minji, kipande cha tangawizi, bizari nyembamba nusu kijiko cha chai, manjano kiasi hicho hicho, mafuta au samli kijiko 1 cha mezani, chumvi kidogo na maji vikombe 5.

Kwanza osha ndengu uziloweke kwa nusu saa. Kaanga dalia kavu kwa moto mdogo mpaka inukie, kisha iweke kando. Katika sufuria pasha mafuta, tia bizari nyembamba, halafu kitunguu na tangawizi. Kitunguu kikilainika tia nyanya na manjano. Sasa tia ndengu, karoti, minji na dalia, ukoroge. Mimina maji, na yakichemka punguza moto na ufunike. Acha iive kwa dakika 30 hadi 40, ukikoroga mara kwa mara isishike chini. Ikikauka kabla ya kuiva, ongeza maji ya moto. Ukiwa na mchicha, ukate utie dakika tano za mwisho. Malizia kwa dania.

Kama huna ndengu zilizopasuliwa, tumia nzima, lakini uzichemshe kwanza mpaka ziive.

Sasa sikiliza hapa. Chakula kikiwa tayari kwenye sahani, kamulia limau. Vitamini C iliyomo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika ndengu, ngano na mboga. Na usinywe chai pamoja na chakula hicho, wala usimpe mtoto chai, kwa sababu chai huzuia madini hayo yasiingie mwilini.

Kwa mtoto mdogo

Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye tu. Usimpe dalia, maji, wala chochote kingine isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Akitimiza miezi sita, endelea kumnyonyesha na umwanzishie vyakula. Dalia yake iive mpaka iwe laini kabisa, kisha iponde kwa kijiko. Iwe nzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika, maana uji mwepesi hujaza tumbo kwa maji. Tenga chakula chake kabla ya kutia chumvi, na usitie sukari. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Ngano huwadhuru watu wachache. Mara ya kwanza mpe kijiko kimoja au viwili, mchana, ukiwa naye karibu. Akivimba midomo, akitokwa na vipele, akitapika sana au akipumua kwa shida, mkimbize kituo cha afya. Na mtoto ambaye huharisha kwa muda mrefu na kukonda tangu aanze kula ngano, mpeleke kwa daktari achunguzwe.

Dawa za ngozi za jikoni

Sasa tuje kwenye ngozi. Wanawake wa Kihindi wana mchanganyiko wao wa asili uitwao ubtan, wa unga wa dengu, manjano na maziwa au marashi. Bibi harusi hupakwa manjano kabla ya arusi, kama vile pwani tunavyomsinga bibi harusi kwa singo na liwa. Hiyo ni mila nzuri, na mtu mzima mwenye ngozi isiyo na kidonda anaweza kuitumia mara moja moja. Pakaa kidogo kwanza upande wa ndani wa mkono, ungoje siku nzima. Ukiwashwa, acha.

Lakini kuna mambo ambayo ni lazima nikuonye.

Kwanza, ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba. Haihitaji kusuguliwa kwa unga. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe taratibu, na kama ngozi ni kavu mpake mafuta ya nazi au ya alizeti yasiyo na manukato. Katika utafiti wa hospitali moja ya Bangladesh uliochapishwa mwaka wa 2005, watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi machache kuliko wale ambao hawakupakwa. Mafuta ya haradali, ambayo nyumba nyingi za India huwakandia watoto, yanaweza kuwasha na kudhuru ngozi changa.

Pili, limau au ndimu usipake usoni wala mwilini. Maji yake yakikauka kwenye ngozi na kupigwa na jua, huweza kuunguza na kuacha madoa meusi kwa miezi.

Tatu, kitovu cha mtoto kisitiwe manjano, samli, majivu wala udongo. Vitu hivyo huweza kuingiza pepopunda na wadudu wengine wanaoua watoto wachanga. Kiache kikavu na kisafi. Ukipewa kliniki dawa ya kitovu iitwayo klorheksidini, fuata maelezo, na isiingie machoni kamwe. Kuna watoto walioumia macho kwa sababu dawa hiyo ilidhaniwa kuwa ya macho.

Nne, angalia manjano unayonunua. Mwaka wa 2019 watafiti walieleza kwamba huko Bangladesh manjano mengine yalitiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Ukiweza tumia manjano mabichi, yale yanayofanana na tangawizi, au nunua kwa mtu unayemwamini. Wanja wa kienyeji nao, ambao wengine huuita surma, mara nyingi huwa na risasi. Usimpake mtoto machoni.

Tano, krimu za kufanya ngozi iwe nyeupe. Baadhi yake zina zebaki, ambayo hudhuru figo, na kwa mama mjamzito hudhuru mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka wa 2013 ulitaka vipodozi vyenye zebaki viondolewe sokoni, lakini bado vinauzwa kwa kificho. Krimu isiyoonyesha viungo vyake wala mahali ilipotengenezwa, usiipake.

Mwisho, dada yangu, weusi wa mtoto si ugonjwa. Hakuna unga wala manjano yatakayobadilisha rangi aliyozaliwa nayo. Ngozi yenye afya hujengwa na chakula, maji safi na usingizi. Lakini ngozi ikitoa usaha, ikiwa na malengelenge, au mtoto akiwa na homa, usingoje dawa ya jikoni. Nenda kituo cha afya.

Yule mama alirudi baada ya wiki sita. Alikuwa ameacha kumsugua mtoto, anampaka mafuta ya nazi, na anampikia dalia na ndengu mara tatu kwa wiki, siku nyingine maharagwe, omena au yai. Dawa ya damu alikuwa ameitumia bila kukosa. Mstari kwenye kijitabu ulikuwa umeanza kupanda. Mipasuko ilikuwa imepona. Mtoto alikuwa mweusi vile vile, anang'aa, na alinikataa kabisa nilipotaka kumbeba. Nilifurahi, kwa sababu mara ya kwanza hakuwa na nguvu hata za kunikataa.

Mambo ya kukumbuka

Dalia pamoja na ndengu hujenga mwili. Mtoto aanze akiwa na miezi sita, na iwe nzito na laini. Limau liende kwenye sahani, si usoni. Kitovu kisipakwe chochote ambacho hukupewa kliniki. Na kila mwezi, mpeleke mtoto akapimwe uzito, hata kama unamwona mzima.

Mweleze na jirani yako uliyoyasikia leo.