Jua la Garissa na Mkataba wa Maandishi



Wengine wasema mitambo ya jua haifai katika nchi ya wafugaji. Wengine wasema jua ni la bure, basi na ijengwe. Sisi watu wa reli twajua kuwa njia ikiisha kutandikwa haihamishwi upesi. Mtambo wa Garissa, uliofunguliwa Desemba 2019, una megawati 50, nao umeshika hekta 85 hivi. Jua ni la bure, lakini ardhi ni malisho ya ngamia na mbuzi. Katika ardhi ya jamii, Sheria ya 2016 yataka theluthi mbili ya watu wazima wakubali mkutanoni. Basi, kabla ya ua mwingine kujengwa, na iandikwe: mifugo itapita wapi, wenyeji wangapi watabaki kazini ujenzi ukiisha, na vijiji jirani vitapata taa lini. Wafugaji wakidai hayo, tusimame nao.