Filimbi ndani ya mkoba

Ndugu msikilizaji, swali la juma hili limetoka Tunduma. Aliyeliuliza ni mama mmoja anayefanya kazi ya kuweka na kutoa fedha kwa simu, kibanda chake kikiwa kando ya barabara kuu. Hufunga saa tatu usiku, hutia mauzo ya siku katika mkoba, kisha hutembea kwa miguu hadi nyumbani. Anataka kifaa cha kujihami kisichoonekana, kisicho kizito, na ambacho hakitamfanya adhaniwe kuwa mtu wa shari. Wachuuzi wamekwisha mwonyesha vitu vitatu: kisu kilichofichwa ndani ya kalamu, kichupa cha dawa ya pilipili ya kupuliza, na tochi inayotoa shoti ya umeme. Anauliza achukue kipi.

Kwa maoni yangu, asichukue hata kimoja. Achukue filimbi.

Najua wapo watakaocheka. Filimbi ni ya refa na ya mwalimu wa michezo, watasema, na jambazi hakimbizwi kwa filimbi. Naomba wanivumilie kidogo.

Kwanza tuutazame mji wenyewe. Tunduma ni mlango wa nchi. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni pale, na reli ya TAZARA hupita hapo hapo. Tangu 2016 mji huo umo katika mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya na makao makuu yake yakawekwa Vwawa. Na mwaka 2019 kikazinduliwa kituo cha pamoja cha forodha kati yake na Nakonde. Biashara ya namna hiyo huleta fedha taslimu nyingi mikononi mwa watu wadogo, shilingi kwa kwacha. Hali kadhalika huleta wageni. Mtu unayepishana naye gizani huenda ameingia jana na kesho hayupo, wala hakuna jirani anayemjua kwa jina.

Sasa kisu cha kalamu. Kisu ni chombo cha mtu aliye tayari kumchoma mwenzake kwa karibu, akiwa anatetemeka, gizani, mkono mmoja ukivutwa. Wengi wetu hatuko tayari, na jambazi analijua hilo upesi kuliko sisi. Akikunyang'anya, umemletea silaha aliyokuwa hana. Na hata ukifaulu, sheria inakusubiri. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, inampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwenzake na kuitetea mali, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Anayezidisha kiasi akaua anaweza kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kibaka aliyekwapua pochi na kugeuza mgongo akikimbia si hatari tena kwa maisha yako. Ukimchoma wakati huo, ni wewe utakayetakiwa kujieleza.

Tochi ya shoti ina kasoro yake. Lazima imguse mtu mwilini, na imguse kwa muda. Mwezi wa Juni na Julai Tunduma ni baridi, watu huvaa makoti mazito na masweta mawili mawili. Shoti itaishia kwenye pamba. Usisahau pia kwamba ina betri, na betri hupenda kufa siku inayohitajika.

Dawa ya pilipili ndiyo yenye wapenzi wengi, na sikatai kwamba huchoma macho kweli kweli na kumfanya mtu akose pumzi kwa muda. Lakini upepo ukivuma kukuelekea, wewe ndiwe utakayelia. Kichupa kina tarehe ya mwisho wa matumizi, na baada ya hapo msukumo wake hupungua. Kubwa zaidi kwa mtu wa mpakani ni sheria. Nchini Uingereza sheria ya silaha ya mwaka 1968 inakihesabu kichupa cha namna hiyo kuwa silaha iliyopigwa marufuku. Sheria ya silaha ya Kenya nayo inakiingiza kifaa cha kurusha kimiminika au gesi yenye madhara katika maana ya silaha ya moto. Mfanyabiashara wa Tunduma anayevuka kwenda Nakonde mara tatu kwa siku huvuka vilevile kutoka sheria moja kwenda nyingine, na kitu kilichonunuliwa kwa mchuuzi bila swali kinaweza kuulizwa maswali mengi katika meza ya ukaguzi. Mwenye kukitaka aulize kwanza kituo cha polisi, pande zote mbili. Asimuulize muuzaji.

Turudi kwenye filimbi. Jambazi anataka mambo mawili: upesi na ukimya. Filimbi humnyima la pili, na kwa hiyo humharibia la kwanza. Polisi wa London walikuwa wakitumia kikelele cha mbao cha kuzungusha kwa mkono, wakakiacha na kuchukua filimbi katika miaka ya 1880, kwa sababu sauti yake ilipenya mbali zaidi. Sauti ya binadamu aliyeshikwa na hofu hukauka. Wengi waliovamiwa watakwambia walitaka kupiga yowe, koo likakataa. Pumzi haba inatosha kuliza filimbi.

Lakini si kila filimbi. Ile ya zamani yenye punje ndani hukwama ikiingia mate, mvua au vumbi. Tafuta isiyo na punje, aina iliyotengenezwa na refa wa Kanada, Ron Foxcroft, na kuingia sokoni mwaka 1987 kwa jina la Fox 40. Siku hizi ziko nyingi za kuigiza, za plastiki, na nyingine zinalia vizuri tu. Ijaribu dukani. Itie maji, uipige tena. Usiivae shingoni kwa kamba ngumu, maana kamba hiyo hiyo itakuwa mpini wa kukushikia. Ifunge pamoja na funguo, na funguo ziwe mkononi tangu unapofunga mlango wa kibanda. Kifaa kilicho chini ya mkoba, chini ya kanga na daftari la hesabu, kimefichwa kwa mwenyewe pia.

Hapa, ndugu msikilizaji, nafika kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Sisi tuna king'ora chetu cha asili, neno moja tu: "Mwizi!" Nacho kinafanya kazi kupita kiasi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeandika katika ripoti zake, mwaka baada ya mwaka, juu ya watu wanaouawa na makundi yenye hasira. Neno hilo likitamkwa, hakuna anayeuliza nani kaiba nini. Matairi na mawe hutangulia. Katika mji wenye madereva wageni, ambao wengine Kiswahili chao ni cha kuombea chai, mtu aliyekimbia kwa kuogopa tu anaweza kufa kwa neno la mtu aliyeogopa zaidi. Filimbi haimtaji mtu. Inasema tu kwamba hapa pana shida, njooni. Wale wanaokuja huja kumtafuta anayepiga, wala si kumkimbiza anayekimbia. Tofauti hiyo ni maisha ya mtu, na huenda ikawa maisha ya kijana wako mwenyewe aliyechelewa kurudi.

Wazee walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Ilikuwa na maana kwa sababu kijiji kizima kilijua ile ni mbiu na wala si ngoma ya harusi. Tunduma ina honi za malori, muziki wa baa, filimbi za watoto na za walinzi. Filimbi yako ikilia bila makubaliano, watu watageuka upande wa pili wa kitanda. Kwa hiyo kazi kubwa inafanywa mchana: zungumza na jirani wa kushoto na wa kulia, mlinzi wa ghala, vijana wa bodaboda wa kituo cha karibu, na mwenyekiti wa mtaa. Mkubaliane mlio wake, kwa mfano mitatu mirefu, kimya, kisha mitatu tena. Na mkubaliane nani atatoka na tochi, nani atapiga 112 kuwaita polisi. Hakuna kifaa dukani kinachouzwa pamoja na majirani.

Kuna udhaifu ambao siwezi kuuficha: ukizibwa mdomo, filimbi haina kazi. Kwa ajili hiyo vipo ving'ora vidogo vya kuchomoa pini, vinavyolia vyenyewe hadi pini irudishwe. Vinamfaa mwenye pumu pia, au mzee. Ila vina betri; pima kila mwezi.

Na ule mkoba wa mauzo? Mama, kama unaweza, geuza sehemu kubwa ya fedha iwe salio katika simu kabla ya kufunga, ubaki na kidogo. Wakikudai mkoba, uwape. Ukishafika mbali nao hatua chache, hapo ndipo upige.

Siku ya kuijaribu, wape taarifa majirani mapema, uchague saa ya jioni, umtume mtoto mkubwa asimame nyumba ya tano akuambie kama amesikia. Asiposikia, irudishe kwa mwenye duka.