Kitabu Kimoja

Wasikilizaji, mmekwisha kusikia. Wiki hii wakubwa wa elimu wamelalamika tena kwamba watoto wetu wanafika kidato cha nne hawajui kulinganisha vitu kwa Kiingereza. Wanaandika "more better", wanaandika "more bigger". Hatubishi. Tunauliza tu: walifundishwa vipi?

Mwalimu mmoja, kitabu kimoja, darasa limefurika hadi mlangoni. Ubaoni kanuni: neno fupi ongeza "er", neno refu tanguliza "more". Mtoto ananakili. Kesho anakutana na "good", anaandika "gooder", kwa kuitii kanuni ile ile aliyopewa, na anakula kalamu nyekundu. "Better" na "worse" hazimo kwenye kanuni. Huzoeleka kwa kusikia na kusoma. Azisikie wapi? Azisome kitabu gani? Kitabu kimoja!

Na huyo wa "more better" si mjinga. Lugha yake haikiongezi kivumishi mkia. Husema nzuri zaidi, kubwa kuliko, basi. Shakespeare naye aliweka "most" mbele ya neno lenye "est" tayari, tena katika Julius Caesar, tamthilia aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere. Robert Lowth alipokuja kuandika kitabu chake cha sarufi mwaka 1762, akasema kurudufu huko hakufai, Shakespeare alikuwa kaburini kitambo. Hatusemi mtoto asisahihishwe. Msahihishaji wa mtihani hana habari na Shakespeare. Tunasema asichekwe.

Sera ya elimu, toleo la 2023, imekibakiza Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Haya. Lakini fizikia ni kulinganisha: kipi kizito kuliko kipi, kipi chepesi. Jiografia ni kulinganisha. Mtoto anayekwama hapo hakwami kwenye somo la Kiingereza peke yake, anakwama kutwa nzima. Na bado kitabu kimoja!

Wizara, leteni vitabu, tena vya hadithi, si vya kujaza nafasi zilizoachwa wazi tu. Walimu wakuu, fungueni hayo makabati! Vitabu mlivyovifungia kwa hofu ya kuchakaa, viacheni vichakae mikononi mwa watoto. Nanyi wazazi, kwenye kikao cha shule msiulize alama peke yake. Ulizeni vitabu viko wapi, vingapi, nani ana ufunguo. Mkijibiwa kwa kuzungushwa, ulizeni tena!