Swali la nyongeza ndilo lenye uzito
Katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, lililoanza mwaka 1980, swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi, na jibu lake huandaliwa wizarani. Kwa hiyo mwakilishi anayeulizia bandari ya Mkoani, Pemba, au dawa za Hospitali ya Abdalla Mzee iliyoko huko humbana waziri kwa swali la nyongeza, linaloulizwa papo hapo baada ya jibu. Swali hilo likihusu fedha, wapo watakaosema waziri hawezi kuahidi fedha asizokuwa nazo. Ni kweli, lakini anaweza kueleza kiasi kilichoidhinishwa, kilichokwisha kutolewa na kilichobaki. Baraza ndilo linalopitisha bajeti. Likiridhika na jibu la “fedha zikipatikana”, linajipunguzia mamlaka yake lenyewe. Wapigakura wampime mwakilishi wao kwa maswali aliyoyafuatilia, si kwa wingi wa aliyouliza.