Mama Mkristo na Tunda la Kiasi

(Mada iliyotolewa kwa akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa vya Mbagala, Yombo na Bunju)

 

Tumepewa mada ya mwanamke Mkristo kujitambua na kuwa na nidhamu binafsi. Mada hii tumeizoea. Kila tukiitwa semina tunafundishwa kuamka mapema, kuomba, kuchunga ulimi na kuvaa kwa heshima. Ni mafundisho mema, wala hatuyapingi. Lakini sisi wa idara ya wanawake, ambao kazi yetu ni kuzunguka kwenye vikundi na kuingia majumbani mwenu, tumekuta akina mama wanaofunga kila wiki na kuongoza maombi, ambao hata hivyo hawapati usingizi. Kinachowanyima usingizi ni marejesho. Kwa hiyo leo tutaongea habari za fedha, na tunaomba mtuvumilie.

Katika Wagalatia sura ya 5, Mtume Paulo anapotaja tunda la Roho, anamalizia na kiasi. Wengi wetu tukilisikia neno hili kanisani mawazo yanakwenda kwenye pombe na chakula. Lakini ni neno lile lile tunalolitumia sokoni. Tenga la nyanya kiasi gani? Umeuza kiasi gani? Unadaiwa kiasi gani? Mwenye kiasi anajua kipimo cha alicho nacho, na hawezi kukijua asipohesabu. Tunakutana na mama anayeomba aombewe mzigo wa madeni, tukimuuliza jumla yake ni shilingi ngapi, anatazama chini. Hajui. Anaogopa kujua.

Tuchukue mfano tuupige hesabu pamoja. Mama ana genge la mboga. Anakopa laki mbili kwa mkopeshaji wa mtaani, wale ambao watu wamewabatiza jina la kausha damu. Anaambiwa arudishe shilingi 10,000 kila siku kwa siku 26. Kwa masikio elfu kumi ni ndogo. Lakini 10,000 mara 26 ni 260,000, maana yake riba ni 60,000 kwa muda usiotimia mwezi, sawa na asilimia 30. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, ambao hawaruhusiwi kupokea amana, ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa laki mbili ni shilingi 7,000. Linganisheni wenyewe. Tena lipo jambo lingine ambalo wengi hawalioni: tangu siku ya kwanza ya marejesho mama huyu hana tena laki mbili mkononi. Kila siku anarudisha kidogo, hivyo katikati ya mwezi amebaki na karibu nusu tu ya fedha ile, na riba imepigwa kwenye laki mbili nzima. Genge la nyanya na mchicha litatoa wapi faida ya elfu kumi kila siku, na watoto wale, na kodi ya chumba ilipwe?

Hapo ndipo kuzungusha kunapoanza. Anakopa kikundi cha pili alipe cha kwanza, na cha tatu alipe cha pili. Mume hajui. Simu ikilia anatoka nje. Siku hizi mikopo imeingia hadi ndani ya simu. Unabonyeza mara tatu fedha inaingia, na ukichelewa ujumbe unatumwa kwa majina uliyohifadhi kwenye simu, hata kwa mama mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa zaidi ya 60 yaliyokuwa yakikopesha kwa njia hiyo bila leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni, na mkopaji ana haki ya kuelezwa masharti kabla ya kusaini. Mkopeshaji asiyetaka kukuonyesha leseni, mwachie fedha zake.

Tusielewane vibaya. Kuna mikopo ambayo hatuthubutu kuiita ukosefu wa kiasi. Mtoto ameumwa usiku, hospitali inataka fedha, utakopa kwa yeyote atakayefungua mlango. Ada ya shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, madaftari na nauli bado ni vya mzazi. Mama anayekopa kwa ajili hiyo anahitaji ndugu wa kumsaidia, na kumhubiria peke yake hakutoshi.

Lakini mikopo mingine, akina mama, tunaijua wenyewe. Ni kitenge cha sare. Ni kadi ya mchango wa kitchen party, bado send-off, bado harusi yenyewe, na kabla hujapumua, kipaimara cha mtoto wa jirani. Tunachangia kwa mkopo wa asilimia 30 ili tusisemwe. Tunalisema bila kumung'unya maneno: mchango wa sherehe usikopewe. Ukiwa nacho toa kwa furaha. Ukiwa huna, nenda ukaoshe vyombo, kata vitunguu, lala kwa mwenye shughuli. Zamani ndivyo ilivyokuwa, na shughuli zilifana. Na viongozi wa akina mama, sisi pamoja nanyi, tuache kusoma majina ya ambao hawajachangia.

Nidhamu binafsi haimaanishi kupambana peke yako chumbani. Mfumo huu wa VICOBA tunaoutumia chimbuko lake ni Niger, kule Maradi, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza na wanawake wa vijijini, wengi wao hawajui kusoma. Baadaye ukafika Zanzibar na Bara. Wale akina mama hawakuambiwa wawe na moyo wa chuma. Waliwekewa utaratibu: kukutana siku ile ile kila wiki, kuweka akiba mbele ya wote, sanduku lenye makufuli matatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Anayeshika ufunguo mmoja hawezi kufungua hata akishikwa na tamaa. Kwetu pia mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zake, na fedha hutolewa hadharani, wenzake wakiuliza: unakwenda kuifanyia nini? Swali hilo wengine wanaliona ni umbea. Sisi tunaona ndiyo faida kubwa kuliko mgawo wa mwisho wa mwaka. Ila mama aliyejiunga vikundi vitano, anayenunua hisa za hiki kwa mkopo wa kile, ameligeuza sanduku kuwa kausha damu nyingine.

Tumtazame yule mjane wa 2 Wafalme sura ya 4. Mumewe amefariki, na mdai amekuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Alimwendea Elisha akasema ukweli wote, deni lilivyo na mdai anavyotaka. Nabii akamuuliza ana nini nyumbani. Hakuwa na kitu ila chupa ya mafuta. Baada ya muujiza, wakati vyombo vyote vimejaa, hakujiamulia; alirudi kwa nabii kuuliza afanye nini, na maagizo yakaja kwa mpangilio: auze, alipe deni, kisha yeye na watoto waishi kwa kilichosalia. Hatusomi kwamba majirani walioazimisha vyombo walifanyiwa sherehe.

Sasa daftari. Daftari la kurasa 40 linatosha. Kila jioni, kabla ya chakula, andika ulichonunua, ulichouza na ulichotoa. Mtaji ukae mbali na fedha ya kula. Wengine wanatumia vibubu viwili, wengine laini mbili za simu. Ukichukua mchicha wa gengeni kupika nyumbani, uandike na ulipie. Hapa ndipo wengi wanachoka, na tunawaelewa, lakini wiki mbili za kwanza ndizo ngumu. Na mwenzi wako alione daftari hilo. Tunajua nyumba zote hazifanani. Wapo akina mama ambao mume akijua mtaji ulipo hautalala, na wapo wanaopigwa. Msikae kimya, njooni kwetu, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Vikundi ambavyo havijasajiliwa, viongozi wenu waonane na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ambayo 4 ni ya wanawake na haina riba, ilisitishwa Aprili 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024, lakini kikundi kisicho na usajili hakiwezi kuomba.

Tunapitisha karatasi. Usiandike jina. Andika kila unayedaiwa naye, hata duka la Mangi na wifi, na mbele yake kiasi, kisha jumlisha chini. Asiyeona vizuri asaidiwe na anayemwamini. Karatasi ni yako, utakwenda nayo nyumbani, hatutazikusanya. Tutakuwa nje chini ya mwembe hadi saa kumi jioni kwa atakayependa kukaa nasi mmoja mmoja na kupanga deni gani lilipwe kwanza.